Mheshimiwa na Kabichi za Qantab

Kila serikali ya kwao ilipoanguka, Mheshimiwa alivaa tai. Alitoka nyumbani kwake Qantab, kijiji cha pwani nje ya Muscat, asubuhi, akapanda teksi mpaka dukani kwangu Wadi Kabir, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya matangi ya maji na marobota ya mipira ya kumwagilia, akaiweka simu juu ya goti. Sanduku lake dogo la safari lilikaa miguuni. Alikuwa anangoja kuitwa. Alisema Qantab milima inaimeza simu, na nchi haiwezi kukosa waziri wa kilimo kwa sababu ya mlima.

Serikali ya Ureno, kwa niliyoyaona mimi katika miaka ile, haikuwa na haya ya kuanguka. Nilimwona na tai mara tatu. Shati lilimganda mgongoni, feni yangu ikamrushia vumbi la saruji kutoka gereji ya jirani, naye hakulegeza fundo. Simu iliita mara moja tu. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akapokea. Ilikuwa sauti ya mashine ikimkumbusha kuongeza salio. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaishukuru.

"Wameshaunda baraza?" nilimuuliza jioni.

"Wanashauriana, Bwana Diploma. Mashauriano marefu ni dalili nzuri."

Akanunua koki moja asiyoihitaji, akarudi Qantab. Nadhani alikuwa na koki kama thelathini.

Ukoo wake siujui, na alikozaliwa sikuuliza. Nilichokijua ni kazi yake, kwa kuwa hakuacha kuizungumza. Alikaa bungeni kwao miaka mingi, siku zote kwenye kamati ya kilimo, siku zote kiti cha pili kutoka dirishani. Mwishowe akapewa unaibu waziri wa kilimo. Unaibu huo ulidumu msimu mmoja wa baridi. Kibao cha mlangoni kilikuwa bado na jina la aliyemtangulia, na fundi wa vibao alikuwa likizo, basi watu wakaendelea kumwita kwa jina la yule mwingine. Yeye aliitika. Aliniambia ingekuwa utovu wa adabu kumsahihisha mkulima aliyetoka mbali. Barua zote za msimu ule zilianza kwa jina la mtu mwingine zikaisha kwa sahihi yake, na hakuna mkulima aliyelalamika.

Kazi yake kubwa ilikuwa mbuzi. Kwao misitu huungua kila kiangazi, na moto hupita kwenye vichaka vikavu. Mheshimiwa ndiye aliyesimama bungeni akasema vichaka hivyo viliwe. Alitaka serikali iajiri mbuzi, na katika msimu ule wake mmoja iliajiri kundi zima. Kila mbuzi alivishwa nambari ya utumishi sikioni. Wazimamoto wakauliza mbuzi hao wanaingia zamu gani. Mkaguzi akaja, akaandika kwamba hakuna mbuzi hata mmoja aliyesaini daftari la mahudhurio.

"Nikamwambia," Mheshimiwa alinisimulia, "nenda kaangalie kichaka. Kichaka hakipo. Hiyo ndiyo sahihi."

Hadithi hii aliisimulia huku akipiga meza yangu kwa kiganja, na mimi niliiamini, kwa sababu alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa ndani ya pochi. Picha ilionyesha wakubwa wamesimama malishoni, mbuzi wamewazunguka, na Mheshimiwa yuko juu ya meza.

"Mbona umepanda juu ya meza?"

"Ili nionekane."

Ukweli niliujua baadaye. Mtu aliyewapa mbuzi ajira serikalini alikuwa akiwaogopa. Qantab mbuzi hutembea wenyewe, hulala kwenye vivuli vya magari, hula makaratasi kwenye mapipa ya taka. Alipomwona mmoja alivuka barabara, akavua kofia, akamsalimia kutoka ng'ambo.

Sasa niseme kidogo juu yangu, ili ijulikane ni nani anayesimulia. Mimi nimejijenga mwenyewe. Baba yangu alikuwa na duka Tabora, na mimi nilisoma chuo cha kilimo huko huko bara, nikapata diploma ya kilimo na umwagiliaji, daraja la kwanza. Niliporudi Oman kwa wazee wetu nilikuwa na begi moja na diploma hiyo. Ofisini nilikoomba kazi wakaigeuza huku na huku wakaniuliza kama ni menyu. Nikaanza kwa kubeba mabomba begani Wadi Kabir. Leo nina duka, kitalu cha miche na magari mawili yenye jina langu ubavuni. Diploma nimeitia fremu, ipo ukutani nyuma ya kaunta, na katika miaka yote hiyo wateja wangu wameitazama kama wanavyotazama kalenda.

Isipokuwa yeye. Siku ya kwanza aliingia kutafuta koki, akaiona, akavaa miwani, akaisoma yote, mpaka sahihi ya mkuu wa chuo. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Umwagiliaji, daraja la kwanza. Tungekuwa na wewe msimu ule, bwana." Toka siku hiyo akaniita Bwana Diploma, wala hakunitania. Nimeitwa majina mengi mazuri tangu hapo, lakini hilo lilikuwa la kwanza kunitoshea.

Kiswahili chake alikipata ujanani kaskazini ya Msumbiji, kwenye mradi wa mikorosho. Alikizungumza kwa kasi na bila aibu, na alikuwa akikidai, maana baadhi ya maneno yake yalitoka kwenye Kireno. Tukikaa mgahawani kunywa chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, ananyoosha kidole.

"Meza, yetu. Leso, yetu. Kopo, bendera, parafujo, zote zetu."

"Na gereza," nikamwambia.

"Kwetu ni kanisa. Hilo mlilipanua wenyewe."

Mhudumu akamuuliza chai yake iwe na sukari au bila sukari. Mheshimiwa akafikiri. "Hoja zote mbili zina uzito," akasema. Mhudumu aliondoka, akarudi na chai isiyo na sukari na sukari pembeni, na Mheshimiwa akanionyesha kwa macho kwamba hivyo ndivyo nchi inavyoendeshwa. Hakuwahi kusema hapana. Ukimwomba jambo lisilowezekana alisema, "Suala hili nimelipokea," na likawa limekwisha.

Mfukoni alibeba mkasi wa kukatia utepe. Alisema kiongozi wa kilimo hajui ataitwa kuzindua nini na wapi. Nilipofunga bomba la pili kitaluni kwangu aliomba alizindue, na kwa kuwa utepe haukuwapo, akakata kitu cha karibu chenye rangi, ambacho kilikuwa mpira mkuu wa maji. Tulilowa sote wawili, pamoja na wateja. Alitoa hotuba hivyo hivyo, maji yakimtiririka kidevuni, akasema haya ndiyo maji tuliyoyaahidi.

Muscat alikuwa ameletwa na tajiri mmoja aliyetaka shamba la mfano, awe mshauri. Kabla miche haijaagizwa tajiri akabadili mawazo, akapageuza mahali pale kuwa maegesho ya magari. Mheshimiwa akashauri juu ya maegesho kwa mwaka mzima, kisha mkataba ukaisha naye akabaki. Alipanga nyumba ndogo Qantab, yenye ua wa mchanga nyuma, jirani na bibi mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeolewa hapo zamani. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na mbuzi mmoja jike, mweupe, mwenye doa jeusi kwenye jicho.

Kwa nini hakurudi kwao? Siku moja aliniambia. Tulikuwa tumekaa kwenye ua wake ukiwa bado mtupu.

"Mke wangu hasemi na mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka serikalini. Alinitazama mezani, akasema, 'Umekula kilimo maisha yako yote, na hujawahi kuleta nyumbani hata jani moja ulilopanda mwenyewe. Siku utakapoleta, tutazungumza.' Kisha akahamia kwa dada yake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ni kweli," akasema. "Najua mbegu ya kila zao inaingia chini kiasi gani. Nimepiga kura juu yake. Lakini mkono wangu huu haujaingiza hata moja."

Sasa mke huyo alikuwa anakuja. Yeye na dada yake walikata tiketi ya meli ya kitalii itakayozunguka Ghuba wakati wa baridi, na meli hiyo ingetia nanga siku moja Bandari ya Sultan Qaboos. Mheshimiwa alimwandikia, na baada ya barua tatu akajibiwa sentensi moja. Alinisomea akitafsiri neno kwa neno: nitakupa muda wa kunywa bakuli moja la supu.

Supu hiyo kwao hupikwa kwa viazi na aina ya kabichi isiyofunga, majani yake yakikatwa membamba kama nyuzi. Mbegu aliletewa kwa bahasha. Nilipoiona miche nikamwambia hii ni sukuma wiki, ninayo kitaluni, Wakenya wananunua kila Alhamisi. Hakufurahi.

"Ni jamaa yake," akasema. "Mbali."

Nilimfungia kila kitu mwenyewe, wala sikumtuma mfanyakazi: mipira ya matone, wavu wa kivuli, uzio wa waya, na kageti ka mbao. Kupanda alipanda yeye. Alipiga magoti kwenye mchanga na samadi, amevaa suruali yake ya bungeni, akaingiza mche mmoja mmoja kwa vidole. Miche kumi na minane, kwa kuwa mikoa ya bara kwao, ukiacha visiwa, ni kumi na minane, na kila mche akaupa jina la mkoa. Kila asubuhi alifanya ziara. Hakupendelea. Akisimama dakika mbili Kaskazini, alisimama dakika mbili Kusini. Mche ulionenepa kuliko yote ulikuwa wa ule mkoa uliomnyima kura miaka ya nyuma, na aliumwagilia kwa adabu, bila kuutazama.

Bi Mkubwa alikuwa akichungulia juu ya ukuta.

"We Mreno, unazungumza na nani?"

"Na wananchi, bibi."

"Haya. Waambie wananchi wako mbuzi wangu anawaona."

Kabichi zilistawi. Nasema bila kujisifu kwamba mfumo wangu wa maji ulichangia. Kufika wiki ya meli, majani yalikuwa mapana kama sinia, ya kijani kibichi chenye unga wa kijivu juu, na Mheshimiwa alikuwa ameacha kuzungumzia serikali. Moja ilianguka wiki ile ile na hakuvaa tai.

Siku moja kabla ya meli alitoka kabla ya mapambazuko kwenda sokoni Matrah kutafuta viazi, vitunguu na sufuria iliyo bora. Mimi nilipita saa saba mchana kukagua matone. Nikazibua tundu mbili. Halafu nikazitazama zile kabichi, nikaona ni haki yangu kupiga nazo picha kwa ajili ya ukurasa wa duka langu. Nikapiga moja nimesimama, moja nimechuchumaa, moja nimeshika jani. Nikatoka kinyumenyume nikipiga ya nne, ua wote uonekane. Ilikuwa picha nzuri sana. Niliituma kabla hata sijawasha gari.

Alaasiri simu ikaita.

"Bwana Diploma," alisema taratibu, "kuna mjumbe ndani."

Nilipofika nilimkuta amesimama juu ya kiti, sufuria mpya kifuani. Mbuzi mweupe alikuwa katikati ya ua akitafuna bila haraka. Vilibaki vikonyo kumi na vinane, vimesimama wima kama vigingi. Mbuzi yule alikuwa mwadilifu kama yeye. Hakuacha mkoa hata mmoja.

Bi Mkubwa akatokea mlangoni na upawa mkononi.

"Mbuzi wangu hali vya watu," akasema, na jani la mwisho likiwa linaning'inia mdomoni mwa mbuzi, likipanda taratibu.

Mheshimiwa hakupandisha sauti. Alishuka kwenye kiti mbuzi alipotolewa, akaenda kutoka kikonyo hadi kikonyo, akakaa chini kwenye mchanga na sufuria yake. Sijawahi kumwona mtu mzima amekaa hivyo.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "nina sukuma tele Wadi Kabir. Nikuletee kapu zima sasa hivi. Mama atajuaje?"

"Atajua."

"Kwa ladha?"

"Kwa uso wangu." Akapangusa mchanga kwenye kifuniko. "Miaka yote nimekata utepe kwenye mashamba ya watu, bwana. Kesho sikati."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa tai. Alitaka kesi. Nikafikiri anataka alipwe, kumbe alitaka hati. Alitaka mzee wa mtaa aandike kwamba palikuwa na kabichi kumi na nane, zilizopandwa na yeye, zikaliwa na mbuzi aliyetajwa. Hati hiyo ndiyo angempa mkewe mahali pa supu.

Tukakaa barazani kwa mzee wa mtaa baada ya sala ya Magharibi, Bi Mkubwa naye akiwapo, kahawa na tende mbele yetu. Mzee alikuwa mfupi, mwenye sikio moja linalofanya kazi, na alizungumza Kiarabu tu, basi mimi nikawa mkalimani. Mheshimiwa alitoa hotuba juu ya mbuzi na serikali. Nikaitafsiri kwa ufupi. Mzee akasikiliza, akaweka kikombe chini, akauliza swali moja.

Kwetu huku jambo hili lina utaratibu wake na kila mtu anaujua. Mchana, mwenye bustani ndiye anayelinda bustani yake. Usiku, mwenye mnyama ndiye anayemfunga mnyama wake. Kwa hiyo mzee hakuuliza kabichi zilikuwa ngapi wala za mikoa gani. Aliuliza mbuzi aliingia lini, usiku au mchana.

"Usiku," Mheshimiwa akasema nilipomtafsiria. "Lazima iwe usiku. Nilitoka kabla ya jua na sikutazama ua. Geti nililifunga jana kwa mkono wangu."

Mzee akaniangalia mimi, anangoja tafsiri. Ningeweza kutafsiri alivyosema, na nisingekuwa nimeongopa hata neno. Bi Mkubwa angetoa mbuzi au thamani yake, Mheshimiwa angepata hati yake, na mimi ningebaki na daraja langu la kwanza.

Bi Mkubwa akaegemea mbele. "Tafsiri vizuri, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Mie nnasikia kote kuwili. Na simu ya mjukuu wangu nimeiona, picha yako iko huko, umeshika jani. Saa saba hiyo kabichi nzima zilikuwapo."

Nikatafsiri alivyosema Mheshimiwa. Kisha nikaongeza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwamba mimi nilikuwa pale saa saba mchana, kwamba kabichi zilikuwa nzima, kwamba nilitoka kinyumenyume nikipiga picha na geti sikulifunga. Nilisema ni mimi, mwenye diploma. Sijui kwa nini niliitaja. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee akasema mchana ni mchana, Bi Mkubwa hana deni, na kahawa inapoa. Hati hakuandika. Alisema hapo hawaandiki, wanakumbuka.

Nilimtazama Mheshimiwa nikingoja aniambie kitu. Akalikaza fundo la tai.

"Suala hili," akasema, "nimelipokea."

Nje, Bi Mkubwa alituvizia kando ya ukuta. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Skiza we Mreno. Wangeniamuru nikupe, nisingekupa hata unywele. Sasa nimeshinda, nnaweza kutoa. Mbuzi wangu kala kwako, maziwa yake ya kesho yako. Lakini kukamua utakamua mwenyewe, mie mgongo unaniuma."

Mheshimiwa akarudi nyuma hatua moja. Nilidhani atasema hoja zote mbili zina uzito. Akauliza, "Saa ngapi?"

Asubuhi nilifika na gari, nikiwa nimelala vibaya. Nilimkuta zizini, koti kalitundika kwenye uzio, kofia kichwani, amechuchumaa nyuma ya mbuzi kwa umbali wa mkono ulionyooka.

"Msogelee," Bi Mkubwa akamwambia. "Hakupigi picha huyo."

Akasogea. Mbuzi akageuka akamng'ata mkono wa shati na kidogo cha ngozi. Mheshimiwa akafumba macho, akasema kitu kwa Kireno, sauti ile ya bungeni.

"Unamwambia nini?"

"Namkumbusha nilimpatia ajira."

"Basi acha kuvuta kama kengele ya shule. Bana juu, shusha vidole. Kimoja, kingine. Ehee."

Ilichukua karibu saa nzima. Mbuzi alipindua kopo mara moja na akalikanyaga mara moja. Lakini sauti ya maziwa ikapatikana, kwanza moja moja, halafu mfululizo, na Mheshimiwa akafumbua macho akatazama ndani ya kopo kama mtu anayesoma barua. Bi Mkubwa akayachemsha, akayatia kwenye chupa ya chai. Hayakujaza hata nusu.

Tulikwenda Matrah, ilipo bandari. Tangu jana nilikuwa natafuta namna ya kumwomba radhi. Tulipofika kwenye taa za barabarani nikasema, "Mheshimiwa, lile geti."

"Nilikata mpira wako mkuu," akajibu, akitazama mbele. "Tuendelee na ajenda."

Mabasi ya meli huwashusha watalii nje ya lango la bandari, na watu wakatawanyika kuelekea sokoni. Mkewe alikuwa mwanamke mdogo, kofia kubwa, viatu vya kutembelea. Dada yake alituangalia mara moja akaenda kupiga picha ngome. Mke akaketi kwenye benchi, akaweka mkoba wake kando yake, akatazama saa.

Mheshimiwa hakutoa hotuba. Alifungua chupa, akamimina kwenye kikombe, akampa kwa mikono miwili. Mke akauliza kitu kifupi, nadhani aliulizia supu. Mheshimiwa akatikisa kichwa. Hapana. Ndiyo mara pekee nilimwona akisema hapana.

Mke akanywa. Akakitoa kikombe mdomoni, akakunja uso, akanywa tena. Kisha akasema sentensi moja, na Mheshimiwa akanigeukia.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema yameharibika." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Anasema yana ladha ya kabichi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, ule mfuko wa mkasi, akatoa kikonyo kimoja kilichotafunwa kileleni, mchanga bado umeshika mizizi, akakilaza juu ya goti la mkewe. Sijui kilikuwa cha mkoa gani. Mke akakitazama. Akatazama mkono uliokileta, kucha zilizojaa udongo, alama ya meno juu ya kifundo. Akakigeuza kikonyo, akauliza swali, refu safari hii, na lilikuwa na vituo ndani yake, swali la mtu anayetaka kuelezwa toka mwanzo.

Kisha akauondoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka chini.

Mheshimiwa akakaa. Mimi nikakumbuka sikufunga mlango wa gari, nikaenda kuufunga.